Risala ya Bweni la Juu Kuhusu Redio Iliyofungwa ya Kituo cha Saba

Mgeni rasmi, Afande Kanali, pamoja na wote ulioongozana nao, Mkuu wetu wa Shule, walimu, wazazi, askari wa kituo cha mpakani, mgambo, walinzi wa msitu, na wengine wote ambao tukianza kuwataja mmoja mmoja chakula kitapoa: mwakeye.

KUKUKARIBISHA

Karibu Rusabagi. Tunajua barabara ya kutoka Kibondo imeshakusalimia kabla yetu, tena kwa kukupiga mgongoni. Hilo vumbi jekundu kwenye kofia usilipanguse. Huku ndicho cheti cha kufika.

Afande, tulipanga kukupokea kwa gwaride. Tulifanya mazoezi kweli, lakini mguu wa kushoto na mguu wa kulia ilishindwa kuelewana, na siku ya mwisho safu ya mbele ilikwenda bustanini peke yake. Mwalimu wa zamu akasema, "Jamani, imbeni tu." Umetusikia tukiimba. Kwa hiyo tumaini letu limebaki kwenye risala.

Mkuu wa Shule alituagiza iwe fupi, yenye mafanikio mengi na changamoto chache. Tunamwomba radhi mapema. Mafanikio tumeyatafuta.

HISTORIA YA MAWASILIANO HAPA KWETU

Mgeni rasmi, kabla ya mradi wenu wa kuunganisha mawasiliano, kila mwenye kulinda alikuwa na lugha yake. Askari wa mpakani walikuwa na redio zao. Polisi walikuwa na za kwao, na hizo mbili hazikuwa zinasikilizana hata zikiwekwa meza moja. Walinzi wa msitu walikuwa na filimbi. Mgambo walikuwa na simu zao za mkononi, ambazo huku zinashika ukipanda juu ya mwamba, ukigeukia Burundi, na ukiwa na bahati. Sokoni kulikuwa na kipaza sauti cha kuuzia dawa ya panya.

Kituo cha mpakani na kibanda cha msitu vinaonana kwa macho, bonde moja tu katikati. Lakini askari akitaka kumwambia mlinzi wa msitu kwamba kuna watu wanakata miti nyuma yake, ilibidi ujumbe uende Kibondo, ushuke, upande bodaboda, ufike. Ulipofika, miti ilishakuwa mkaa, na mkaa ulishapita mbele ya kituo kwenye hiyo hiyo bodaboda.

Ndipo mlipotuletea redio za upepo za kisasa. Mkasimika mnara mdogo mlimani na sola yake, mkaunganisha vituo saba kwenye chaneli moja: jeshi, polisi, mgambo, msitu, soko, zahanati, na sisi. Shule ikawa Kituo cha Saba. Mlituchagua kwa sababu tuko juu na tuna umeme wa sola. Sababu nyingine ni Mama Epifania.

Huyu ndiye mlezi wetu wa bweni. Alipitia mafunzo ya mgambo, akahitimu, na cheti amekibandika jikoni, kimekuwa na rangi ya moshi. Ndiye mama wa uji, mama wa funguo, na mama wa kutuamsha. Mkampa redio ya Kituo cha Saba, akaiweka stoo juu ya pipa la maharage, akaitandikia kitambaa cha kufuma.

MAFANIKIO, PAMOJA NA MOTO

Afande, mafanikio ya kwanza ni kwamba redio zilifanya kazi. Tatizo lilikuwa sisi.

Wewe ni mgeni, labda hujui. Kwa Muha, kumwambia mtu shida yako kabla hujamsalimia ni sawa na kuingia chumbani kwake kupitia dirishani. Unasema mwakeye, ndiyo salamu yetu ya Kiha. Unauliza alivyoamka, watoto, wazee, mbuzi, mihogo. Yeye naye anakurudishia zote. Hiyo ni kwa mtu mmoja. Sasa nyie mmetuunganisha vituo saba kwa mkupuo, na kila asubuhi kila kituo kinawajibika kusalimia vituo sita, na vyote vinasikia, na hakuna anayetaka kuonekana hana adabu mbele ya jeshi.

Mama Epifania ndiye alikuwa bingwa. Alikuwa anaanza na mpakani, anamuuliza sajenti habari za mtoto wake mchanga. Anakwenda msituni, anamuuliza Mzee Ndayisenga habari za mguu, maana mguu wa Mzee Ndayisenga ulipigwa na gogo na tangu hapo una habari kila siku. Anakwenda kwa Raymond, mgambo anayelinda sokoni, anamuuliza kama ameshapata mchumba. Raymond anajibu, "Bado mama," na vituo vyote vinacheka. Betri zilikuwa zinakufa kabla mtu hajasema kilichomfanya awashe redio.

Na sisi wanafunzi hatukuwa watakatifu. Mama akitoka kwenda kuangalia sufuria, tuliingia stoo tukamuuliza askari wa mpakani matokeo ya Simba na Yanga. Alitujibu. Halafu naye akajibiwa na mkubwa wake.

Ndipo mkamtuma Koplo Shamsi, kijana wa Pangani, aje atunyooshe. Aliwakusanya wenye redio wote darasani kwetu, akawaweka kwenye madawati yetu, na sisi tukachungulia dirishani. Alimsimamisha Mama Epifania awe mfano.

"Mama, redio si baraza. Unabonyeza, unataja kituo, unasema shida, unasema ova, unaachia. Salamu acha nyumbani."

"Sasa mwanangu, niingie kwa mtu bila hodi?"

"Huingii kwa mtu, mama. Unaingia hewani."

"Na huko hewani hakuna watu?"

Darasa likaangua kicheko. Koplo naye alicheka, lakini hakulegea. "Hata sisi Pangani tunasalimiana, mama, tena tunawapita nyie. Ila siyo kwa betri ya serikali. Siku ya vita adui hatakusubiri uulize habari za mguu."

Mzee Ndayisenga akaurudisha mguu wake chini ya dawati.

Mama Epifania alirudi bwenini. Aliona aibu, Afande, si kidogo. Mtu mzima, mwenye cheti, kusimamishwa mbele ya watu kama mwanafunzi aliyechelewa namba. Alipika ugali ule wa siku hiyo kama anayegombana nao. Na moyoni akaapa kwamba siku ikitokea shida ya kweli, ataongea kama askari, mpaka huyo Koplo apige saluti huko aliko.

Shida ya kweli haikuchelewa.

Ilikuwa mwezi wa nane, likizo, sisi wa kidato cha nne tumebaki kambini tunajisomea. Walimu walikuwa kwenye semina Kasulu. Mlinzi alikuwa msibani Muyama. Mama Epifania alikuwa jikoni anakoroga uji, akasikia harufu ya kuungua, na akafanya analofanya kila siku: akamgombeza mwenzetu Asmahani.

"Wewe mtoto, nimekwambia usiache mwiko!"

"Mama, mwiko unao wewe."

Akautazama mwiko. Akatazama juu. Mlima nyuma ya bweni ulikuwa umeshika moto kuanzia kwenye mikaratusi, na upepo ulikuwa unateremka nao kuja kwetu.

Alikimbia stoo. Anasema mkono wake ulitaka kuanza na mwakeye, kinywa kilikuwa kimeshafunguka kabisa. Akamkumbuka Koplo. Akajikaza, akameza salamu zote sita, akabonyeza, akasema kwa sauti ya chuma ambayo sisi hatukuwahi kuisikia:

"Kituo cha Saba. Moto. Shuleni. Ova."

Akaachia. Akasubiri. Anasema kwa ile nukta moja alijisikia raha, kama mtu aliyevaa buti mpya.

Akaiacha redio juu ya pipa, akakimbia kutuita tuchote maji. Halafu, haya tuliyasimuliwa baadaye na wahusika wenyewe, kila mmoja akikana kuwa ndiye aliyeanza, Mzee Ndayisenga akamwita Raymond.

"Wewe Raymond. Umesikia hiyo?"

"Nimesikia, mzee. Nani huyo?"

"Sauti ni ya Epifania."

"Epifania gani? Kwani kakusalimia?"

"Hajanisalimia."

"Mguu kauulizia?"

"Hata mguu!"

"Mzee wangu, huyo kashikiwa panga shingoni. Anasemeshwa."

"Au wamemnyang'anya redio, wanamwigiza. Wanatuita huko kwa moto ili huku waingie sokoni."

"Zima, mzee, zima! Mwizi anatusikia. Nipigie simu."

"Simu huku haishiki."

"Si upande mwamba?"

Na kweli, Mzee Ndayisenga akaupanda mwamba na mguu wake ule ule. Afande, tunaomba hili liandikwe kwenye taarifa ya mradi: siku mtandao wenu wa kisasa ulipohitajika kuliko siku zote, walinzi wetu waliuzima kwa makusudi, vituo vingine vikafuata, nao wakarudi mwambani, kwa ajili ya usalama.

Kutoka mwambani walitoa taarifa Kituo Kikuu cha mtandao, kule Kibondo, kwamba redio ya Saba imeibwa. Kijana wa zamu kule alifanya alichofundishwa, tena chap. Alibonyeza kitufe akaifunga redio yetu kutoka huko huko aliko. Tunampongeza kwa uchungu.

Mama Epifania alikuwa amerudi stoo, anaita mara ya pili. Kioo cha redio kikazimika mkononi mwake. Hakujua kama redio inaweza kufungwa na mtu aliye mbali. Alichojua ni kwamba ameongea vibaya na redio imemkataa. Mwenzetu Adija, aliyekuwa mlangoni, alimwona amepiga magoti mbele ya pipa la maharage, amebonyeza mpaka kidole kimekuwa cheupe, anasalimia. Alisalimia mpakani. Akauliza mtoto mchanga. Akauliza mguu. Akamuuliza Raymond habari za mchumba, huku analia, kwenye redio iliyokufa. "Nisameheni, nilipitiliza. Mwakeye. Mwakeye wote. Watoto wangu wanaungua."

Hakuna aliyesikia, isipokuwa Adija.

Basi akainuka, akafuta uso na kanga, akachukua panga akakate matawi ya kuzimia moto. Akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Na nyuma huko, kwenye mihogo, walikuwa wamelala mgambo na walinzi wa msitu wote, na nusu ya wanaume wa sokoni, kimyaaa, na marungu, wamelizingira bweni wamsubiri mwizi wa redio. Moshi waliuona. Walidhani mwizi ni mjanja kiasi hicho.

Mtu akatokea na panga. Wakamrukia.

"Redio iko wapi? Sema, redio iko wapi!"

Kutoka chini ya watu wanne ikatoka sauti ya Mama Epifania, imebanwa kifua: "Mwakeye, Mzee Ndayisenga. Mguu umeamkaje?"

"Ni yeye!" Mzee Ndayisenga akapiga kelele. "Mwachieni, ni yeye mwenyewe! Umeamka salama, Epifania? Watoto je?"

"Watoto wanaungua!"

"Moto upo kweli?"

"Si nimesema!"

"Ulisema bila salamu, mama, sisi tungejuaje?"

Hayo waliyasema wakiwa wameshaanza kukimbia. Tunawashukuru hao wazee na kaka zetu, wapo hapa, wanaangalia chini. Waliupiga ule moto kwa matawi na kwa mashati yao, na sisi tulibeba maji kwa ndoo za kuogea. Uliishia ukutani kwa bweni. Hakuna mtoto aliyeungua hata ukucha. Kilichoungua ni choo cha walimu. Wanafunzi tulijitahidi kusikitika.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, wahenga walisema mficha uchi hazai, kwa hiyo tunaendelea.

Redio ya Kituo cha Saba bado imefungwa. Tuliuliza inafunguliwaje. Tukajibiwa kwa adabu kabisa kwamba maombi ya kufungua redio yatumwe kwa redio ya kituo husika. Tuliitazama redio ya kituo husika. Nayo ikatutazama.

Tumesikia pia kwamba leo unakabidhi rasmi redio kwa vituo vilivyofaulu majaribio, na kwamba tumebandikwa kwenye orodha kama kituo "kisichozingatia taratibu." Afande, kituo kilichozingatia taratibu siku ile kilikuwa kimoja tu. Ndicho kilichofungwa.

Kiangazi kinakuja tena. Majani ya mlimani yameanza kukauka, na kengele yetu ya dharura ni filimbi ya mwalimu wa michezo.

Lakini changamoto kubwa hatukuambiwa tuiandike, na Mkuu wa Shule anaisikia sasa hivi pamoja na wewe. Changamoto kubwa tumeitengeneza sisi wenyewe. Baada ya moto tulianza utani. Uji ukiiva, mmoja anapaza sauti bwenini, "Kituo cha Saba! Uji! Jikoni! Ova!" Mama Epifania alicheka siku za mwanzo. Tukaona anacheka, tukaongeza. Tukamwigiza alivyopiga magoti, kwa sababu Adija alikuwa ametuonyesha, na Adija ana kipaji. Siku hiyo Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Aliiweka chini, akaondoka.

Tangu siku hiyo hasalimii. Yaani anasema "jambo," anapita. Mtu aliyekuwa anakuuliza mpaka habari za kuku wa bibi yako, ambaye hajawahi kumwona, sasa anasema jambo. Mzee Ndayisenga alikuja kumtembelea, akaunyoosha mguu mbele yake makusudi, akaupapasa, akaguna. Mama akamletea maji ya kunywa, akarudi jikoni. Mzee aliondoka anachechemea kuliko alivyokuja.

Anaamini alikosea mara mbili: kwanza kwa kusalimia, halafu kwa kutosalimia. Tumemwambia kosa si lake. Lakini sisi ndio tuliocheka, atatuaminije?

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuombi mengi. Choo cha walimu tunaomba kijengwe, ila hatuna haraka.

Tunaomba redio ya Kituo cha Saba ifunguliwe. Tumeambiwa wewe una mamlaka hayo, na kwamba ni suala la kubonyeza tu. Ipo hapo mezani mbele yako, yenye kitambaa cha kufuma. Haijawahi kuangushwa. Inafutwa vumbi kila asubuhi, na si sisi tunaoifuta.

Tunaomba pia taratibu za mtandao ziruhusu salamu moja. Koplo Shamsi ana haki, betri ni za serikali na adui hasubiri, kwa hiyo mbuzi na mihogo tutaviacha nyumbani. Lakini huku salamu ndiyo inatuambia anayeongea ni nani. Neno la siri mwizi anaweza kuliiba. Habari za mguu wa Mzee Ndayisenga ataziibia wapi? Tumemweleza Koplo mwenyewe, akakuna kichwa, akasema, "Andikeni, lakini msiseme mimi nimekubali." Hatujasema.

Ombi la mwisho halihusu jeshi.

Mama Epifania hayupo kwenye viti vya mbele. Tulimwekea kiti, kile kitupu karibu na diwani. Alikataa, yuko jikoni, na migebuka utakayokula ni ya mkono wake. Baada ya risala hii atakuletea maji ya kunawa, maana wengine wote tumekubaliana kujificha ili abaki yeye. Atakumiminia maji. Atasema jambo, na atatazama chini.

Tunaomba usianze na habari za redio, Afande, hata kama umeamua kuifungua, na hasa kama umeamua kutoifungua. Anza na mwakeye. Muulize alivyoamka. Muulize watoto, watoto wake ni sisi, tuko salama, lakini muulize yeye. Maji yakiisha kwenye jagi usiondoe mikono, subiri. Sisi tutakuwa nyuma ya ukuta wa jiko tunasikiliza, kama kawaida yetu, na safari hii hatutacheka. Akikuuliza na yeye habari za nyumbani kwako, tafadhali mjibu zote, hata kama ni ndefu.

Mungu akurudishe Kibondo salama, awalinde walioko mpakani wasiolala ili sisi tulale, na aijalie mvua iwahi mlimani kuliko moto. Tunawasilisha kwa heshima,

Sisi wasichana wa Bweni la Juu,
Shule ya Sekondari Rusabagi.